Maji Meupe ya Nkoma

Nilipofika Dar es Salaam kuanza chuo, mtu wa kwanza kuniuliza habari za meno yangu alikuwa mwenzangu wa chumba. Tulikuwa tunapiga mswaki asubuhi, akanitazama kwenye kioo, akauliza kama natoka Arusha. Nikamwambia hapana, mimi ni Msukuma wa Nkoma, wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Alishangaa. Alidhani meno ya kahawia ni ya watu wanaoishi chini ya Meru na Kilimanjaro tu, huko ambako volkano imeacha madini ardhini.

Nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza. Shule ya msingi nzima tulikuwa na meno yanayofanana: mengine na madoa meupe kama chaki, mengine rangi ya chai ya rangi, mengine na vishimo vidogo. Mama alisema ni maji ya chumvi. Shangazi alisema ni michembe, kwa kuwa tulikula viazi vikavu tangu tukiwa wadogo. Nilikuja kulijua jina lake chuoni, kwenye kijitabu cha afya: floraidi. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, meno hayo hutoka yakiwa na doa, na doa hilo halifutiki kwa mswaki wala kwa mkaa.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kazi yangu ni kufundisha vita vya Maji Maji, mkutano wa Berlin, Azimio la Arusha. Lakini miaka mitatu iliyopita dada yangu alijifungua mtoto wa kiume hapo nyumbani Nkoma, na nilipomwona akinyweshwa maji ya bomba kwa kijiko, swali la meno likanirudia kwa namna nyingine. Sikutaka tena kujua meno yangu yalikuwaje. Nilitaka kujua ni nani aliyepima maji haya, alipima nini, na ni kitu gani hakukipima.

Nianze mbali kidogo, maana bomba la Nkoma halikushuka kutoka mbinguni.

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Ahadi ilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila kaya ya kijijini iwe na maji safi na salama ndani ya mita 400. Ilikuwa ahadi kubwa kwa nchi yenye miaka 10 tu ya uhuru. Sisi wakati huo tulikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Shinyanga ilikuwa nchi ya pamba, ng'ombe na kiu. Mvua ikikatika, Mto Simiyu unabaki mchanga. Mama zetu walifukua mchanga huo kwa mikono na vibuyu hadi maji yachuruzike, na pembeni ng'ombe wakingojea zamu yao. Lambo lilikuwa msaada mwingine: watu wanachota upande huu, mifugo inakunywa upande ule. Kichocho na kuhara havikuwa habari, vilikuwa sehemu ya mwaka.

Miaka ya 1970 wataalamu kutoka Uholanzi walifanya kazi ya kuchunguza maji ya mkoa huo, na kuanzia 1974 mradi wao wa visima vifupi ukaanza kuchimba. Visima mamia vilichimbwa, vingine kwa nguvu za wanakijiji wenyewe, vikafungwa pampu za mkono. Ni mwaka huohuo ambao operesheni ya kuhamia vijijini ilikuwa inawakusanya watu kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika na kuwaweka pamoja. Watu wengi mahali pamoja wanahitaji maji mengi mahali pamoja. Pampu ilipotoa maji meupe, watu walicheza. Wazee wa kwetu bado wanasema "maji meupe" wakimaanisha maji salama. Jicho ndilo lilikuwa maabara yao, na kwa magonjwa ya lambo jicho halikuwa limekosea sana: maji ya tope yaliua watoto, maji meupe yaliwaponya.

Lakini mwaka huohuo wa 1974 kulifanyika jambo jingine, kimya kimya, ofisini. Tanzania iliweka viwango vya muda vya ubora wa maji vijijini. Kwa floraidi, Shirika la Afya Duniani lilikuwa linashauri kiasi kidogo. Leo ushauri wake ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliandika miligramu 8.

Mara ya kwanza niliposoma tarakimu hiyo nilikasirika. Nane ni zaidi ya mara tano ya moja na nusu. Nilijiona kama mtu aliyepimwa na kuonekana anastahili kiasi kidogo cha usalama. Nilipotulia nikaona walioandika hawakuwa wajinga wala katili. Sehemu kubwa ya maji ya chini ya ardhi katika Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga yalizidi kiwango cha kimataifa. Kukifuata kungekuwa na maana ya kufunga visima na kuwarudisha watu mtoni. Waliangalia meno upande mmoja na kuhara upande mwingine, wakachagua. Neno "muda" kwenye viwango vile lilikuwa ahadi: tutashusha tukiweza.

Ilichukua miaka mingi. Kiwango kilishuka hadi miligramu 4, na mwaka 2018 ndipo kiwango cha taifa kilipofika 1.5. Kwa hiyo maji yenye miligramu 3 yalikuwa salama kisheria mwaka 2017, na mwaka uliofuata maji yaleyale, kisima kilekile, ndoo ileile, yakawa si salama. Kiwango cha maji kinapimwa na kemia, lakini kinaandikwa na historia: uwezo wa nchi, hofu zake, na kile ambacho watu wake wangekosa wakinyimwa.

Nilirudi Nkoma likizo ya Desemba nikiwa na haya kichwani. Shangazi yangu ni mtunza hazina wa kamati ya maji. Bomba letu linatoka kwenye kisima kirefu, pampu inasukuma hadi kwenye tangi, na kutoka hapo maji yanashuka kwenye vituo ambako watu hulipia kwa ndoo. Nilimkuta kituoni na daftari lake.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mwangaluka, ng'wanone. Umekuja kutupima na sisi?"

Alikuwa ameshasikia kutoka kwa dada kwamba nauliza maswali. Alicheka, kisha jioni akanitolea faili la kamati. Ndani yake kulikuwa na karatasi moja ya majibu ya maji, ya wakati kisima kilipochimbwa, imekunjwa mara nne. Mistari yake ilikuwa michache: rangi, tope, uchachu, chumvi, chuma, naitreti, floraidi, vimelea. Chini palikuwa na muhuri na neno "yanafaa".

Niliisoma mara mbili nikitafuta mstari mmoja. Arseniki haikuwemo.

Kwa nini arseniki? Niliijua kwanza kama kila mtu anavyoijua, sumu ya kwenye riwaya za upelelezi. Vizazi vya mababu zetu Afrika Mashariki viliikuta kwa njia nyingine: zamani za ukoloni ilichanganywa kwenye majosho ya ng'ombe kuua kupe, na ikawekwa kwenye chambo cha nzige. Lakini arseniki haihitaji mtu kuileta. Imo ndani ya miamba. Na katika Kanda ya Ziwa ina rafiki wa kudumu, dhahabu. Kwenye miamba ya dhahabu ya Geita na Tarime kuna madini yaitwayo asenopairiti, yenye chuma, salfa na arseniki pamoja. Yakiwa chini, yametulia. Yakichimbwa na kuachwa juu, hewa na mvua huyavunja, yanatoa asidi, na arseniki inaanza kusafiri na maji.

Ndani ya maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ni maji meupe. Mtu anaweza kuyanywa miaka mitano, kumi au zaidi kabla ya ngozi ya viganja na nyayo kuanza kukakamaa na kutoa vinundu. Baadaye huweza kuja saratani ya ngozi, ya kibofu, ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 1958 na kikomo cha mikrogramu 200 kwa lita, likashusha hadi 50 mwaka 1963, na mwaka 1993 likafika 10. Kadiri sayansi ilivyozidi kujua, tarakimu ilizidi kushuka. Viwango vya Tanzania vilikaa kwenye 50 kwa muda mrefu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha sasa ni 10.

Angalia basi kisa cha karatasi ya shangazi. Arseniki ilikuwa kwenye orodha ya taifa. Haikuwa kwenye karatasi ya Nkoma. Kipimo chake kinahitaji mashine ya gharama, kemikali, na fundi aliyefunzwa, kwa hiyo kisima cha kijiji kilipimwa kwa vitu vinavyopimika kirahisi. Hakuna aliyedanganya. Neno "yanafaa" lilikuwa kweli kwa yale yaliyoulizwa.

Kuna nchi iliyolipa gharama kubwa kwa tofauti hiyo kati ya kinachoulizwa na kinachokaa kimya. Nisafiri nayo kidogo, kwa sababu kisa chake kinafanana na chetu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Bangladesh ya miaka ya 1970 ilikuwa na madimbwi na mito iliyojaa vimelea, na watoto walikufa kwa kuhara. Serikali na UNICEF wakaanza kuchimba visima vya bomba, mabomba membamba ya chuma yanayozamishwa ardhini na kufungwa pampu ya mkono. Vilikuwa rahisi kiasi kwamba familia zilianza kujichimbia zenyewe. Vikawa mamilioni. Kwa miaka mingi Bangladesh ilitajwa kama mfano wa mafanikio, nchi maskini iliyowapa watu wake karibu wote maji salama.

Mwaka 1983, ng'ambo ya mpaka katika Bengali Magharibi ya India, daktari wa ngozi wa Kolkata aitwaye K. C. Saha aliona wagonjwa wenye viganja vilivyokakamaa, akatambua arseniki. Visima vyao na vya Bangladesh vilikuwa kwenye udongo uleule ulioletwa na mito kutoka Himalaya. Hata hivyo, mwaka 1992 taasisi ya jiolojia ya Uingereza ilipima maji ya visima kadhaa nchini Bangladesh, na arseniki haikuwa miongoni mwa vilivyopimwa. Mwaka uliofuata, 1993, idara ya serikali ya Bangladesh ikathibitisha arseniki huko Chapai Nawabganj. Uchunguzi mkubwa uliomalizika miaka minane baadaye ulikadiria kwamba watu milioni 35 walikuwa wanakunywa maji yaliyozidi mikrogramu 50 kwa lita. Mwaka 2000, kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani, watafiti waliita tukio hilo kuwekewa sumu kwa watu wengi kuliko kokote katika historia.

Hakuna mgodi pale. Hakuna kiwanda cha kulaumiwa. Sumu ilikuwa ya udongo wenyewe, na waliowafikishia watu ni watu wema waliokuwa wanawaokoa na kuhara. Mwanakijiji mmoja aliipeleka ile taasisi mahakamani Uingereza. Mwaka 2006 majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, walikataa dai lake. Kwa ufupi, walisema taasisi haikuwa na wajibu kisheria kwa mtu ambaye haikumwahidi kwamba maji yale ni salama. Nilisoma hukumu ile nikawaza karatasi ya Nkoma. Kwa mwanasheria, kutopima si sawa na kusema "ni salama". Kwa shangazi, karatasi yenye muhuri ni karatasi yenye muhuri.

Baadaye Bangladesh ilipima visima karibu milioni 5 na kupaka rangi midomo ya pampu: nyekundu kwa hatari, kijani kwa salama. Wapo waliohamia kisima cha kijani cha jirani. Wapo waliorudi kwenye madimbwi. Wachumi waliofuatilia jambo hilo waliripoti kwamba katika familia zilizoacha visima vya karibu, vifo vya watoto vilipanda. Hofu ya sumu ya polepole iliwarudisha kwenye sumu ya haraka. Hapa ndipo niliposimama muda mrefu, kwa sababu hili lingeweza kutokea Nkoma kwa kosa langu mimi.

Kabla ya hapo, lazima nieleze yaliyotokea karibu na nyumbani. Kutoka Simiyu kwenda kaskazini, ukivuka Serengeti, unafika Tarime. Huko Nyamongo kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, na pembeni yake unapita Mto Tigithe, ambao maji yake huingia Mto Mara, na Mto Mara huingia Ziwa Victoria. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini yakaingia Tigithe. Mgodi ulieleza kwamba wezi walikuwa wameiba plastiki iliyotandikwa kuzuia maji yasipenye. Wanakijiji walisema watu na mifugo walikufa, mgodi ulikana.

Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Norway walichukua sampuli za maji, udongo na tope la mito karibu na migodi ya Geita na North Mara, wakakuta katika baadhi ya maeneo arseniki na metali nyingine kwa viwango vya kutia wasiwasi. Mwaka mmoja kabla yake, wataalamu wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wamechapisha utafiti kuhusu arseniki kwenye vyanzo vya maji ya kunywa katika maeneo ya migodi ya Kanda ya Ziwa. Hawakuishia kulalamika. Walijaribu kuichuja kwa udongo mwekundu wenye chuma, udongo ambao sisi tunautumia kusiriba nyumba. Arseniki hunasa kwenye chuma. Ni kisa ambacho ningependa kila mwanafunzi wa sayansi wa Kanda ya Ziwa akijue.

Mabishano ya Tigithe yalikwama mahali pamoja: arseniki hii ni ya mgodi au ni ya mwamba? Katika nchi ya dhahabu, mwamba wenyewe unayo. Ili ujue mgodi umeongeza kiasi gani, unahitaji kipimo cha kabla ya mgodi. Asiye na kipimo hicho anabaki na kumbukumbu: ng'ombe walikuwa wanakunywa hapa, samaki walikuwepo, ngozi yangu haikuwa hivi. Kumbukumbu ni ushahidi kwa mwanahistoria, lakini mbele ya kampuni yenye maabara inaonekana kama hadithi. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, NEMC iliutoza mgodi huo, uliokuwa chini ya Acacia, faini ya shilingi bilioni 5.6 kuhusu bwawa lake la topesumu, na Julai ikaamuru bwawa hilo lisitumike. Miaka 10 ni muda wa mtoto kuzaliwa na kufika darasa la nne.

Ndiyo maana karatasi ya Nkoma ilinisumbua. Dhahabu haiko Geita na Tarime pekee. Bariadi kuna wachimbaji wadogo. Januari 2024 mgodi wao wa Ng'alita uliporomoka ukaua zaidi ya watu 20, na nchi nzima ikajua kwa msiba kwamba Simiyu nayo inachimbwa. Kipimo cha leo, hata kikionyesha maji ni salama kabisa, ndicho ushahidi wa kesho. Kama siku moja mtu atachimba juu ya mkondo wetu na maji yakabadilika, Nkoma itakuwa na tarakimu na tarehe, si kumbukumbu tu.

Nilimweleza shangazi jioni ile, taratibu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali la mtu anayepika: "Sasa nichemshe mara ngapi?"

Ilinibidi nimwambie jambo gumu. Kuchemsha kunaua vimelea, na aendelee kuchemsha. Lakini floraidi na arseniki hazifi, kwa sababu hazikuwa hai. Maji yakipungua kwa mvuke, zinabaki sufuriani, zimekolea zaidi. Alinyamaza. Kwa miaka yote mama wa kijiji wamefundishwa jambo moja la kuwalinda watoto, na mimi nilikuwa namwambia kwamba kwa adui huyu silaha hiyo haifanyi kazi.

"Kwa hiyo tuache bomba?"

"Hapana, shangazi. Tusiache bomba."

Nilisema haraka kuliko nilivyokusudia. Dada alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mgongoni, na lambo liko umbali wa kutembea kwa miguu. Kama ningesema neno "sumu" kwenye mkutano wa kitongoji bila kuwa na kipimo, kesho yake wanawake wangerudi na ndoo zao lamboni, na mwezi unaofuata tungekuwa tunazika kwa kuhara watoto ambao arseniki haijawahi kuwagusa. Bangladesh ilikuwa imenifundisha hilo. Lakini ilikuwa imenifundisha pia kwamba kunyamaza ili watu wasiogope ndiko kulikofanya miaka ipite.

Mkutano ulifanyika chini ya mti, baada ya ibada ya Jumapili. Sikutumia neno sumu. Nilisema maji yetu yalipimwa kwa vitu vinane na kuna vitu ambavyo havikupimwa. Nilisema meno yetu yanatuambia kwamba ardhi hii ina madini, na mwenye nyumba anapaswa kujua kilichomo ndani ya chungu chake. Mzee mmoja aliuliza kama mradi wa maji ya Ziwa Victoria hautamaliza yote haya. Ni swali la haki. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha, kwa kushirikiana na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, kwa mradi wa kuleta maji ya ziwa Simiyu, na kwa floraidi maji ya ziwa ni nafuu kubwa. Nilimjibu kwamba hata ziwa linapokea Mto Mara, na Mto Mara unapokea Tigithe. Maji mapya yatahitaji karatasi mpya, na karatasi hiyo tuisome mstari kwa mstari siku ya kwanza, tusingoje iote kutu kwenye faili.

Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne aliuliza nani atalipa. Hapo mkutano ulirefuka. Fedha za ndoo ni za kununulia dizeli na kutengeneza pampu. Mama mmoja alisema pampu ikiharibika hakuna atakayekunywa kipimo. Alikuwa sahihi, na hakuna aliyembishia. Mwishowe walikubaliana kutoa sehemu ndogo ya makusanyo ya miezi mitatu, na mimi nikaongeza kutoka kwenye mshahara wangu. Shangazi alifungua daftari, akachora mstari chini ya "dizeli" na "fundi", akaandika kwa herufi kubwa KUPIMA MAJI. Aliniuliza neno arseniki linaandikwaje. Nilimtajia herufi moja moja, naye akaziandika kwenye mabano pembeni.

Nilichukua sampuli mwenyewe asubuhi ya safari, kwa chupa niliyopewa na fundi wa maabara mjini Mwanza. Aliniambia tufungulie bomba dakika kadhaa kwanza, tusiguse mdomo wa chupa, tuandike tarehe na saa. Dada alishika kifuniko. Mtoto alitaka kunywa, akalia alipoona maji yanafungwa ndani ya chupa na yeye hapewi. Tulimchotea kikombe kutoka bomba hilohilo, akanywa yote.

Kwenye basi niliipakata chupa ile kutoka Bariadi hadi Mwanza. Abiria wa pembeni alidhani ni maji ya kunywa, akaniambia nisiogope, tutapita Lamadi nitanunua mengine ya baridi. Niliinyanyua dirishani nikaitazama kwa mwanga. Yalikuwa meupe, kama yalivyokuwa ya Chapai Nawabganj.

Majibu yakifika yatasomwa chini ya mti uleule, mbele ya wote, yakiwa mazuri au mabaya, kisha shangazi atayaweka kwenye faili juu ya ile karatasi ya zamani. Kwa sasa Nkoma inaendelea kunywa. Huo nao ni uamuzi, na safari hii tumeufanya tukijua kwamba tunaufanya.